Umelia Bila Matanga: Jibu kwa Msomaji wa Kisauni

Swali: Asalaam aleikum mwalimu. Mimi ni binti wa miaka 24, naishi Kisauni na nafanya kazi kwenye duka la dawa. Napenda tamthilia nzito, zile za giza. Msimu wa kwanza wa The Last of Us niliutazama 2023. Msimu wa pili niliuacha mpaka ukamalizika wote, ndipo juzi nikautazama kwa usiku mbili. Kwenye sehemu ya pili, pale Joel, mhusika mkuu, anapouawa, nililia mpaka chakula kikanishinda. Wiki hiyohiyo nikatazama Adolescence, sehemu zote nne usiku mmoja, nikaenda kazini macho mekundu. Tangu hapo nawatumia rafiki zangu jumbe za sauti za dakika kumi kumi nikizungumzia mambo haya. Kaka yangu ananicheka, ati namlilia mtu asiyekuwako duniani. Mama anasema najitafutia majonzi kwa mkono wangu. Nataka kujua jambo moja tu: waandishi hawa wanatuonea, au mimi ndiye dhaifu?

Jibu: Waaleikum salaam, binti yangu. Nikujibu kwanza, kisha nieleze. Wewe si dhaifu, na katika tamthilia hizo mbili hakuna mwandishi aliyekuonea. Kuonewa umeonewa, lakini aliyekuonea hakuandika hata neno moja la mswada. Nitamfikia.

Kazi yangu kwa miaka mingi imekuwa kusoma miswada ya tamthilia kabla haijapigwa picha, na kuwafundisha vijana wa hapa Mombasa namna ya kuiandika. Kila nikikuta kifo kwenye mswada najiuliza hilohilo uliloniuliza wewe kwa machozi: mtazamaji ametendewa haki? Kwa hiyo swali lako nalichukua kwa uzito wake wote. Na kwa wasomaji wengine: nitataja wazi nani anakufa na vipi. Ambaye hajazitazama tamthilia hizi na anataka kuzitazama, aishie hapa.

Tuanze na kaka yako, maana hoja yake ndiyo nyepesi kujibu. Mwaka 1956 wataalamu wawili wa Marekani, Donald Horton na Richard Wohl, waliandika juu ya jambo waliloliona kwa watu waliokuwa wameanza kuishi na televisheni majumbani. Mtazamaji anamzoea mtu wa kwenye kioo kama anavyomzoea jirani. Anaijua sauti yake, anajua akicheka vipi na akikasirika vipi, ilhali yule wa kwenye kioo hamjui kabisa. Ni urafiki wa upande mmoja, lakini ni urafiki. Moyo haumdai mtu kitambulisho kabla ya kumpenda. Unampenda kwa vitu vidogo vilivyorudiwa mara nyingi, na vitu hivyo Joel alikupa kwa sehemu tisa nzima za mwaka 2023, kisha ukamngojea zaidi ya miaka miwili. Kuna watu wa mtaani kwenu umewapa muda mdogo kuliko huo. Kaka yako mwenyewe mwulize anavyokuwa usiku ambao timu yake ya Uingereza imefungwa. Wale wachezaji nao hawamjui.

Sasa hoja yenyewe. Ili niijibu vizuri itabidi nikupeleke Pate kwanza.

Kisa cha Fumo Liyongo umekisikia utotoni, hapana shaka. Muhammad Kijumwa wa Lamu alikiandika kwa utenzi mwaka 1913, na kabla yake kilikuwa kimesimuliwa vizazi na vizazi. Hebu kitazame sasa kwa jicho la mtu anayependa tamthilia nzito. Liyongo ni shaha wa mashairi, hodari wa upinde, mtu wa nguvu asiyeshikika. Mfalme wa Pate anamwogopa. Anamtegea kwenye kikoa cha makoma: kila mtu kwa zamu yake apande mkoma awaangulie wenzake, na zamu ya Liyongo ikifika apigwe mishale akiwa juu. Liyongo hapandi. Anayaangua makoma kwa mshale akiwa chini. Anatiwa gerezani, mama yake anamtumia mkate wa kumvi uliofichwa tupa ndani, na usiku wa ngoma ya gungu anakata minyororo akatoka. Kila mtego unashindwa, na msikilizaji anazidi kustarehe, anaamini huyu hafi.

Kisha mfalme anamwendea mtoto wake Liyongo, anamwahidi makubwa. Mtoto anakwenda kwa baba yake na kumwuliza ni kitu gani kinachoweza kumwua. Baba anamwambia: sindano ya shaba, ya kitovuni. Mtoto anamvizia baba amelala, anaichoma.

Hapo mwandishi wa pupa angefunga kitabu. Kisa chetu hakifungi. Liyongo anaamka na maumivu yake, anashika upinde, anatoka mpaka kisimani, anapiga goti, anaweka mshale kwenye uta, na anafia hapohapo akiwa amepiga goti. Watu wa mji wanamwona kwa mbali wakidhani yu hai. Hakuna anayethubutu kwenda kuteka maji. Mji mzima unakaa na kiu. Wanamwomba mama yake aende kumbembeleza mwanawe, na mama anakwenda, anamsihi, anamwimbia, akidhani amekasirika tu. Siku zinapita ndipo maiti inaanguka na watu wanajua. Na yule mtoto hapati alichoahidiwa. Naye anakufa.

Mimi sikijui kifo kilichopangwa vizuri zaidi ya hicho katika hadithi yoyote niliyoisoma, na kipimo changu nimekitoa hapo. Kifo ndani ya tamthilia kinatakiwa kiwe na deni nyuma yake na kisima mbele yake. Deni maana yake kimetokana na jambo ambalo mhusika mwenyewe alilitenda au alilipenda: Liyongo hakupigwa na radi, aliuawa na siri aliyoitoa kwa mtoto wake mwenyewe. Kisima maana yake hadithi inasimama. Inatulazimisha kukaa na maiti, kuona kiu ya waliobaki, kumsikia mama akiimba. Kwa lugha ya nyumbani, matanga.

Mpime Joel. Deni lake liko kwenye sehemu ya mwisho ya msimu wa kwanza, iliyotoka tarehe 12 Machi 2023. Ellie, binti ambaye Joel amemlinda msimu mzima kama mwanawe, amefikishwa hospitali ya Salt Lake City. Madaktari wanataka kumpasua ubongo watengeneze dawa ya ule ugonjwa wa kuvu unaowageuza watu kuwa hatari na ambao yeye haumpati, na upasuaji huo utamwua. Joel anapita kwenye zile korido akiua kila anayemzuia, mpaka daktari mpasuaji aliyekuwa amesimama karibu na kitanda. Kisha anamwambia Ellie uongo. Kumbuka ulivyohisi wakati ule. Ulimshangilia, mimi pia nilimshangilia. Hatukumwuliza yule daktari kama ana watoto. Alikuwa na binti, Abby, na miaka mitano baadaye kwenye hadithi huyo binti ndiye aliyekuja. Tena linaloumiza zaidi ni kwamba Joel alikuwa ametoka kumwokoa Abby huyohuyo kwenye kundi la wagonjwa dakika chache kabla. Aliyemnyoshea mkono ndiye aliyemwua. Hapo watu wa pwani tunajua tumeshapita, kwa Liyongo na mtoto wake.

Nina kasoro moja ya kuitaja, kwa kuwa umeniuliza kama fundi. Hadithi hii ilitoka kwanza kwenye mchezo wa kompyuta, na sehemu ile ya kifo ilikuwa kwenye mchezo wa mwaka 2020. Kule sababu ya Abby ilifichwa muda mrefu. Mchezaji aliachwa amchukie kabisa, ndipo baadaye akatiwa ndani ya viatu vyake. Kwenye televisheni wametuonyesha mapema, tangu sehemu ya kwanza ya msimu, Abby amesimama makaburini na hasira yake. Nadhani waliharakisha. Chuki ingeachwa iive kwanza, kuelewa kungekuja kwa gharama kubwa zaidi. Lakini hilo ni kosa la mpangilio. Dhuluma haimo.

Na kisima kipo, binti yangu. Nadhani ulikipita mbio. Rudi kwenye sehemu ya tatu. Inaanza na Tommy, ndugu yake Joel, akiwa peke yake na maiti, anamfuta damu mkononi taratibu na kumpa salamu za kumpelekea binti yake Joel aliyekufa zamani. Sisi tunaoosha maiti zetu wenyewe hatuhitaji kufafanuliwa tukio hilo. Kisha Ellie anaingia nyumbani kwa Joel, anafungua kabati, anaikumbatia koti lake, anainusa. Kisha kaburini anaacha punje za kahawa, kwa sababu marehemu alipenda kahawa. Na sehemu ya sita, iliyotoka tarehe 18 Mei 2025, karibu yote ni kumbukumbu za Joel akiwa hai, mwaka baada ya mwaka, siku za kuzaliwa za Ellie. Waandishi wamekupa arobaini nzima.

Hebu sasa nikuonyeshe mwandishi anayeonea anavyofanya, ili ujue tofauti. The Walking Dead, tamthilia ya Marekani ya wafu wanaotembea, ilianza 2010 na ilikuwa na damu tangu siku ya kwanza. Watazamaji wake hawakuwa watu wa kushtuka kwa maiti. Tarehe 3 Aprili 2016 msimu wa sita ulimalizika hivi: mbabe mmoja ana rungu lenye seng'enge, mateka wamepiga magoti mbele yake, anachagua mmoja wa kuua, na kamera inageuka macho ya huyo atakayeuawa. Rungu linashuka, kioo kinakuwa cheusi. Nani amekufa? Hukuambiwa. Uliambiwa usubiri mpaka tarehe 23 Oktoba. Zaidi ya miezi sita, maiti haina jina.

Na kabla ya hapo, mwaka 2015, walikuwa wamecheza mchezo mwingine na Glenn, mmoja wa wahusika waliopendwa kuliko wote. Walimwonyesha akianguka kwenye umati wa wafu, matumbo yakitolewa, na jina la mwigizaji wake likaondolewa mwanzoni mwa kipindi. Wiki kadhaa baadaye ikabainika alijiburura chini ya pipa kubwa la taka, mzima. Halafu Oktoba 2016 wakamwua kweli, kwa lile rungu, pamoja na Abraham. Sehemu hiyo ilitazamwa na watu wapatao milioni 17 Marekani, na wiki zilizofuata watazamaji wakaanza kupungua kwa wingi.

Watu wengi walisema watazamaji walikimbia ukatili. Mimi sikubaliani. Ukatili waliuzoea. Walikimbia kwa sababu maiti ya mtu wao ilitumiwa kama chambo. Mvuvi wa Old Town anajua kwamba chambo hakitiwi kwenye ndoana kwa heshima ya chambo. Kinatiwa ili samaki arudi. Glenn alipokufa mara ya kwanza ya uongo, mtazamaji alilia. Alipokufa ya kweli, yule mtazamaji alikuwa ameshafundishwa asiamini machozi yake mwenyewe. Hiyo ndiyo dhuluma: mwandishi amekuchukulia huzuni yako akaigeuza kamba ya kukuvutia kwenye msimu ujao.

Kipimo changu kina mahali kinaposhindwa, sitakuficha. The Sopranos, tamthilia ya kiongozi wa genge na familia yake, ilimalizika tarehe 10 Juni 2007 kwa kukatika ghafla: baba wa familia amekaa mkahawani, mlango unafunguliwa, anainua kichwa, kioo cheusi, kimya. Watu wengi Marekani walidhani kebo zao zimeharibika, kama sisi ambavyo tungelaumu stima. Hakuna maiti, hakuna kisima, hata deni hujui kama limelipwa. Na bado nasema hawakuonea mtu, kwa sababu hawakukuita urudi wiki ijayo kuambiwa. Walikuachia giza lenyewe, wakaenda zao.

Lakini ukitaka kuona kisima kilichochimbwa kwa ustadi, tafuta Succession, sehemu ya tatu ya msimu wa nne, iliyotoka tarehe 9 Aprili 2023. Aliyeiongoza ni Mark Mylod, yuleyule aliyeongoza sehemu ya kifo cha Joel miaka miwili baadaye. Mtu mmoja, vifo viwili, na namna mbili tofauti kabisa za kukiendea kifo. Cha Joel alikuonyesha chote, na Ellie amebanwa sakafuni anatazama. Cha Logan Roy, yule baba tajiri aliyewatesa watoto wake tangu mwanzo, hakukionyesha kabisa. Logan yuko ndani ya ndege. Watoto wako kwenye meli, kwenye harusi ya kaka yao mkubwa. Simu inalia. Mtu aliye ndegeni anawaambia hali ni mbaya, semeni naye, namwekea simu sikioni. Wanasema. Mmoja anamwambia anampenda, mwingine anashindwa kuamua kama amsamehe. Hawajui kama anasikia. Sisi pia hatujui. Mylod aliwaacha waigizaji walicheze tukio lile kwa mfululizo, karibu nusu saa bila kuwasimamisha, na unaliona hilo kwenye nyuso zao. Hawaigizi tena, wanazunguka na simu kama watu waliopotea.

Baba yangu alifariki Lamu nikiwa kwenye feri ya Likoni. Ndugu yangu alinipigia, akaniambia nimtamkie shahada, simu ameiweka sikioni mwake. Nikatamka, watu wamenibana kila upande, mikokoteni, honi, mama mmoja wa samaki akanishika mkono asiyenijua. Mpaka leo sijui kama baba alisikia. Wangapi hapa Mombasa wameaga wazazi hivyo, wao wakiwa Jeddah au Dubai na mzazi yuko Majengo? Nilipoitazama sehemu ile miaka mingi baadaye nilikaa kimya mpaka alfajiri. Iliandikwa na Mwingereza, Jesse Armstrong, juu ya matajiri wa New York, na ilinipa mahali pa kuketi na baba yangu. Kwa hiyo kaka yako akikuambia unamlilia mtu asiyekuwako, mwambie mara nyingi tunamlilia aliyekuwako, ila machozi yalikosa mlango.

Angalia pia walimwua Logan kwenye sehemu ya tatu kati ya kumi. Mwandishi mwingine angemweka mwisho, kifo kiwe kilele. Hawa walitaka sehemu saba za kisima.

Adolescence ni kazi ya aina nyingine, na hapa naona ndipo ulipochoka mwili. Kila sehemu imepigwa kwa pigo moja la kamera, mwanzo mpaka mwisho, bila mkato. Kwenye tamthilia ya kawaida picha hukatwa kila baada ya sekunde chache, na kila mkato ni kama kupepesa jicho: unapumua bila kujua kwamba umepumua. Hapa pumzi hiyo imeondolewa. Polisi wanavunja mlango alfajiri, wanamkuta Jamie, mtoto wa miaka 13, amejikojolea kitandani, na kuanzia hapo kamera haikuachi. Unapanda nao gari, unaingia nao kituoni, unangoja nao kwenye foleni ya makaratasi. Sehemu ya tatu karibu yote umefungiwa chumba kimoja na mtoto na mwanasaikolojia. Wewe ulifanya hivyo mara nne mfululizo, usiku, baada ya siku nzima ya kusimama dukani. Mtu yeyote angeamka macho mekundu.

Wameliweka deni wazi kwa namna niliyoipenda sana: mwisho wa sehemu ya kwanza tayari umeonyeshwa kwenye kamera ya usalama kwamba mtoto ndiye aliyemchoma kisu mwenzake, Katie. Hakuna fumbo la nani. Sehemu tatu zilizobaki zinauliza imekuwaje, nani alikuwa wapi, sisi wazazi tulikuwa tunafanya nini mtoto alipofunga mlango wa chumba chake na simu. Na sehemu ya nne ni matanga ya mtoto aliye hai. Baba anatimiza miaka 50, siku inaharibika kidogokidogo, mwisho anaingia chumba cha mwanawe, anamlaza mwanasesere wa dubu kitandani, anamfunika shuka, anamwomba radhi. Stephen Graham, anayemwigiza baba huyo, ndiye pia aliyeiandika pamoja na Jack Thorne, na inaonekana anajua kila kitu kilichomo kifuani mwa mtu yule.

Ila Katie hakupewa kisima. Mpelelezi mwanamke kwenye sehemu ya pili analisema mwenyewe kwa uchungu, kwamba kila mtu atamkumbuka Jamie na hakuna atakayemkumbuka msichana. Waandishi walijua, na walichagua kuendelea hivyo. Wazazi wake hatukai nao hata mara moja. Nimejaribu kujishawishi kwamba hilo ndilo kusudio na lina maana yake, na bado kila nikiitazama namtafuta mama yake Katie. Pengine nawe ndicho kilichokukosesha usingizi bila kujua. Sikiliza tena zile jumbe zako za sauti. Kama ulimtaja Katie mara nyingi kuliko Jamie, ndiyo hiyo.

Nimeahidi kumtaja aliyekuonea. Ni ile hesabu ya sekunde pembeni mwa kioo. Joel anauawa, sehemu inaisha, na kabla majina hayajapita programu inahesabu tano, nne, tatu, na uko tayari kwenye sehemu nyingine. Matanga yameandikwa vizuri, lakini wewe umeondolewa msibani kabla hujakaa kitako. The Last of Us ilitolewa kila wiki, Jumapili usiku kwa saa za Marekani, ambayo kwetu ni Jumatatu saa kumi alfajiri. Waliomfuata Joel kwa mpango huo walikaa na kifo chake siku saba kabla ya kuona kingine. Walibishana, walikasirika, walilala, wakaamka nacho. Wewe ulikaa nacho dakika moja. Adolescence ndiyo iliyotolewa yote kwa mkupuo, tarehe 13 Machi 2025, lakini hakuna sheria inayokulazimisha kuimeza kwa mkupuo.

Kwa hiyo ingia kwenye mipangilio uzime ile ya kuendelea yenyewe. Na nikupe siri ya wanaoandika: sehemu imejengwa ili mwisho wake ukunyime usingizi, na kile kitendawili cha mwisho kwa kawaida hufunguliwa ndani ya dakika kumi za mwanzo za sehemu inayofuata. Ukiona huwezi kusimama, usisimame mwishoni. Tazama zile dakika kumi, fundo likilegea, zima, ulale. Siku mtu mkubwa anakufa, usiongeze nyingine usiku huo hata kama bando limebaki tele.

Zile jumbe za dakika kumi usiziache. Hizo ndizo kisima chako. Msiba wa watu halisi tunaumaliza kwa kukaa pamoja, kurudia maneno yaleyale, marehemu alikuwa hivi, kama asingetoka siku ile. Wewe umefiwa kwenye hadithi, na ukafanya ambalo ungefanya barazani: ukatafuta wenzako wa kurudia nao. Mashabiki wanaoandika kurasa na kurasa kuhusu kifo cha mhusika wanachekwa sana. Mimi nawaona wanafanya kazi ambayo programu imekataa kuwapa nafasi ya kuifanya.

Kuhusu mama, msikilize kwa mambo mawili. La kwanza ni usingizi. Wewe unagawa dawa, na dozi iliyokosewa kwa usingizi haina tamthilia yoyote ya kuitetea. La pili, kama majonzi haya yatapita wiki mbili tatu bila kupungua, au yakawa yanakuja hata siku ambayo hujatazama kitu, basi si Joel tena anayekuliza. Zungumza na daktari, usione haya. Na kama kuna watoto nyumbani, kumbuka Bodi ya Uainishaji wa Filamu Kenya inavitaka vituo vya televisheni viweke vipindi vya watu wazima baada ya saa nne usiku, lakini simu yako haina saa nne usiku. Mlinzi hapo ni wewe. Ingawa Adolescence ningeitazama pamoja na mvulana wa miaka 14 au 15, tukisimamisha njiani na kuzungumza. Uingereza iliruhusiwa kuonyeshwa bure katika shule za sekondari, na naona walifanya sawa.

Sasa lililobaki ni kaka yako. Usibishane naye. Usimpe sehemu ya kifo pia, atatazama damu tu. Mchagulie ile ya sita ya msimu wa pili, ya zile siku za kuzaliwa, siku ambayo huna kazi asubuhi yake. Mweleze kwa maneno mawili nani ni nani, mmiminie kahawa, kaa karibu naye, na usiseme kitu mpaka Joel na Ellie wamalize kuongea pale barazani kwao. Kisha niandikie alisema nini.